Shajara ya mradi: vihisi vinavyokatika na kugoma kurudi, stoo ya samaki Lamu

Mtambo wenyewe

Stoo iko Lamu mjini, hatua chache kutoka majini. Ni nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake zina unene wa sentimita 50 hivi. Ndani mna friza tano za kufunguliwa juu na sanduku moja la barafu. Sanduku la pili liko gatini, ambamo samaki hulazwa kabla ya kupimwa na kuletwa ndani.

Vihisi vya joto ni vinane, na hutuma vipimo kwa redio ya Bluetooth. Nambari 1 hadi 5 viko ndani ya friza, 6 katika sanduku la ndani, 7 gatini, na 8 ukutani kupima joto la chumba. Kila kimoja kina chipu ya nRF52832, kristali ya saa ya 32.768 kHz na betri ya kidonge ya CR2032. Hupima kila dakika 5 na kuhifadhi vipimo kwenye kumbukumbu yake. Kipokezi ni kidude cha USB cha nRF52840 kilichochomekwa kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4. Pande zote mbili zinaendesha Zephyr, mfumo endeshi wa vifaa vidogo.

Mezani vihisi vyote vinane viliunganishwa na kukaa siku mbili bila kukatika. Vilipofungwa mahali pake jioni, asubuhi tulikuta vitatu tu.

Siku ya 1: sababu isomwe kwanza

Kishawishi cha kwanza ni kusogeza kipokezi karibu na kupandisha nguvu ya redio. Hatukufanya hivyo. Bluetooth ya nishati kidogo ina tabia nzuri ya kutaja sababu kila muunganisho unapovunjika, na sababu zile hazifanani kwa tiba hata kidogo. Kwa hiyo kazi ya siku nzima ilikuwa kuandika kwenye logi ya kipokezi mambo manne kwa kila tukio: nambari ya kihisi, msimbo wa sababu, nguvu ya mawimbi ya mwisho iliyosomwa, na saa.

Usiku mmoja ulitoa 0x3E mara 112, 0x08 mara 41, na 0x06 mara 9. Ya kwanza ina maana muunganisho ulitangazwa lakini upande wa pili haukuitika katika miadi sita ya mwanzo, yaani nyakati zilizopangwa za kuongea. Ya pili: walikuwa wakisikilizana, kisha kimya kikazidi muda uliokubaliwa. Ya tatu hutokea pale ufunguo wa usimbaji unapoombwa na upande wa pili ukajibu kwamba haunao.

Vihisi 5 na 8 havikuwa na msimbo wa maana. Vilikatika mara moja tu, baada ya hapo havikusikika tena, hata tangazo moja. Tulianza na hivyo, maana kihisi kisichotangaza hakina ugonjwa wa mawimbi.

Siku ya 2: kihisi kilichokatika na kunyamaza

Kosa lilikuwa letu, ndani ya programu ya kihisi. Muunganisho ukivunjika, Zephyr huita kitendakazi (kipande cha programu) cha disconnected, na humo ndani tuliandika bt_le_adv_start ili kihisi kirudi kutangaza. Amri hiyo ilikuwa inarudisha −12, yaani hakuna nafasi. Kihisi kimeruhusiwa muunganisho mmoja tu (CONFIG_BT_MAX_CONN=1), na nafasi ya muunganisho uliokufa haiachiliwi mpaka kitendakazi hicho kimalize. Tulikuwa tunaomba kiti kabla aliyekikalia hajainuka. Jibu la amri halikuwa likikaguliwa popote, kwa hiyo kosa lilipita kimya.

Tulihamishia amri hiyo kwenye kitendakazi cha recycled, ambacho huitwa nafasi ikishaachiliwa. Kwa toleo la zamani la Zephyr lisilo na recycled, kazi ndogo iliyoahirishwa milisekunde 100 inatosha. Kuna wanaopandisha BT_MAX_CONN iwe 2 na kosa linatoweka machoni. Hatulipendi suluhisho hilo: linakula kumbukumbu, na siku nafasi mbili zikijaa ugonjwa unarudi ukiwa umevaa kanzu nyingine.

Mezani kosa halikuonekana kwa sababu tulikuwa tukijaribu kinyume. Tulichomoa betri ya kihisi na kuirudisha, na kihisi kinachowashwa upya huanza na kila kitu kipya. Jaribio la haki ni kuzima kipokezi na kukiacha kihisi hai, dakika moja, kisha kuwasha kipokezi. Tangu leo kila programu mpya inapitia jaribio hilo mara 20 kabla ya kuingia stoo.

Siku ya 3: stima ilikatika

Stima ilipotea saa nane mchana kwa dakika 40. Iliporudi, vihisi vinne vilikataa kipokezi kabisa. Viliunganishwa, vikakatwa, vikaunganishwa, vikakatwa, kila sekunde mbili.

Kipokezi kilikuwa kinaweka funguo za kuoanishwa, zile ambazo vifaa viwili hutambuana nazo, kwenye RAM peke yake, kwa sababu CONFIG_BT_SETTINGS haikuwashwa. Umeme ukizima, kinasahau wote. Vihisi vyenyewe vinakumbuka, na kwa kawaida Zephyr hairuhusu ufunguo uliopo ufutwe na ombi jipya la kuoanishwa lisilothibitishwa. Ulinzi huo ni halali, vinginevyo simu yoyote ipitayo barabarani ingeweza kujifanya kipokezi. Tuliwasha uhifadhi, na settings_load() ikawekwa baada ya bt_enable(). Ukiwasha uhifadhi ukasahau mstari huo, funguo zinaandikwa vizuri lakini hazisomwi, na utakaa siku nzima ukilaumu redio.

Kulikuwa na la pili limejificha hapohapo. CONFIG_BT_MAX_PAIRED ilikuwa 4, mabaki ya majaribio ya kwanza ya vihisi vinne, na BT_KEYS_OVERWRITE_OLDEST imewashwa. Kihisi cha tano kikioanishwa kinamfukuza wa kwanza, wa sita anamfukuza wa pili, na hivyo hivyo. Sasa ni 10, na ufutaji wa wa zamani umezimwa.

Zile 0x06 tisa za usiku wa kwanza zilitoka kwa kihisi 3 peke yake. Kilipakiwa programu kwa kufuta chipu nzima, na funguo zikaenda na maji. Ukipakia programu upya, futa eneo la programu tu. Ukifuta chipu yote, mfute na kihisi huyo kwenye kipokezi.

Jaribio la kufunga suala hili: waya wa umeme wa kipokezi ulichomolewa mara 10, ghafla, bila kuzima Pi kwa adabu. Vihisi vyote vilirudi mara zote 10, cha mwisho baada ya sekunde 38.

Siku ya 5: friza na betri ya kidonge

Zimebaki 0x3E na 0x08, na karibu zote ni za vihisi 1 hadi 5. Friza ni sanduku la bati. Mawimbi yanatoka kupitia mpira wa kifuniko na hapo kifuniko chenyewe kisipokaza vizuri. Kipokezi kilisoma −84 hadi −90 dBm kifuniko kikiwa kimefungwa (nambari ikizidi kushuka chini ya 0, mawimbi ni dhaifu zaidi). nRF52832 inasikia mpaka −96 dBm, kwa hiyo mawimbi ni membamba lakini yapo. Kama tatizo lingekuwa mawimbi peke yake, vingekatika na kurudi, vingekatika na kurudi. Hivi vilikuwa vinakaa saa nzima vikiwa vimeunganishwa salama, kisha vikikatika mara moja havirudi mpaka kesho.

Jibu lilipatikana kwa kuweka oskiloskopu, chombo kinachochora volti zinavyobadilika, kwenye miguu ya betri, waya umepitishwa chini ya mpira wa friza. Betri ikipumzika ilisoma volti 2.9. Redio ikifanya kazi ndani ya muunganisho, volti zilizama hadi 2.2 na kupanda tena. Muunganisho ulipovunjwa makusudi, kihisi kilianza kutangaza kwa kasi, kila milisekunde 20 kwenye chaneli tatu, na volti zikaanza kushuka ngazi kwa ngazi: 2.1, 1.9, 1.8, mpaka chini ya 1.7 ambapo chipu hujizima. Betri ikapumua, chipu ikawaka, ikaanza tena kutangaza kila milisekunde 20.

Baridi ya −18 °C hupandisha ukinzani wa ndani wa betri ya kidonge. Pigo moja la redio inalimudu. Mapigo mfululizo haipati nafasi ya kurudisha nguvu katikati. Kudumisha muunganisho ni kazi nyepesi kuliko kuutafuta upya, na sisi tuliupa utafutaji kasi kubwa kuliko zote tukidhani tunaharakisha kurudi. Hizo 0x3E zilikuwa vihisi vilivyosikika vikitangaza, kipokezi kikawaita, na wakati wa kuitika tayari vimezimika.

Ishara ya kutambua hili bila oskiloskopu iko kwenye rejista ya RESETREAS, ambamo chipu hutaja sababu ya kuwaka upya. Mlinzi wa programu (watchdog, anayeiwasha chipu upya programu ikikwama) akifanya kazi yake, rejista inamtaja. Volti zikizama, rejista inasoma 0, sawa na pale betri inapowekwa mara ya kwanza. Kihisi kilichofungwa wiki nzima na bado kinaripoti 0 kila baada ya saa chache kina njaa ya umeme.

Mpangilio mpya wa matangazo ni huu: kila milisekunde 152.5 kwa sekunde 10 za kwanza, kisha kila milisekunde 1022.5 bila kikomo. Tuliongeza na kapasita ya kauri ya mikrofaradi 100, volti 6.3, sambamba na betri. Mikrofaradi 100 iliyoandikwa kwenye mfuko haiwi 100 kwenye volti 3 na baridi kali. Nunua kubwa kuliko hesabu inavyodai.

0x3E zilishuka kutoka 112 hadi 9 kwa usiku. 0x08 hazikusogea hata moja.

Siku ya 8: saa inayochelewa kwenye baridi

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu.

Vifaa viwili vikiunganishwa hupeana miadi. Katikati ya miadi vyote vinalala, kila kimoja kikihesabu kwa kristali yake. Saa hazilingani kamwe, kwa hiyo kihisi huamka mapema kidogo kuliko miadi na kufungua sikio. Mapema kiasi gani? Jumla ya makosa ya saa zote mbili, kama zilivyotajwa kwenye mipangilio, mara muda uliopita tangu waliposikilizana mara ya mwisho, na mikrosekunde 16 juu yake.

Mipangilio yetu ilikuwa miadi kila sekunde 1, na kihisi kinaruhusiwa kuruka mitatu kisipokuwa na la kusema. Kwa hiyo kinaweza kulala sekunde 4. Kihisi kilitajwa kuwa na kosa la 20 ppm, yaani sehemu 20 kwa milioni, kipokezi vilevile 20. Jumla 40 ppm mara sekunde 4 ni mikrosekunde 160, na zile 16, ni 176.

Kristali ya 32.768 kHz ina umbo la uma, na inashika saa vizuri karibu na 25 °C. Ukienda upande wowote, joto au baridi, inachelewa, na kuchelewa kunakua kwa mraba wa tofauti: takriban 0.034 ppm kwa kila digrii mraba. Kutoka 25 hadi −18 ni digrii 43. Mraba wake 1849, mara 0.034, ni karibu 63 ppm. Kwa sekunde 4, saa ya kihisi inachelewa mikrosekunde 252. Sikio linafunguka mikrosekunde 176 kabla ya muda wake, mgeni ameshapita.

Ubaya zaidi ni kwamba kusubiri hakusaidii. Kihisi kikikosa miadi, dirisha la kusikiliza linapanuliwa kwa miadi inayofuata kulingana na muda uliopita, ila saa nayo inazidi kuchelewa kwa muda uleule. Dirisha linakua kwa 40 ppm, kosa linakua kwa 63. Hawakutani tena. Muda wa kukata ukifika, logi inaandika 0x08 na kila mtu anasema mawimbi ni dhaifu.

Ili kuwa na uhakika kwamba ni saa na si mawimbi, tuliongeza kwenye kila kipimo idadi ya sekunde tangu kihisi kiwake, kwa usahihi wa milisekunde, tukailinganisha na saa ya Pi inayosahihishwa na intaneti. Hakihitajiki kifaa chochote cha maabara: 1 ppm ni milisekunde 86.4 kwa siku. Kihisi 8 ukutani kilipotea milisekunde 200 kwa saa 24. Kihisi 2 ndani ya friza kilichelewa sekunde 5.6, sawa na 65 ppm. Hesabu na kipimo vimekubaliana.

Tiba ni mstari mmoja upande wa kihisi: CONFIG_CLOCK_CONTROL_NRF_K32SRC_20PPM ikabadilishwa kuwa K32SRC_100PPM. Dirisha sasa ni mikrosekunde 496 kwa sekunde 4. Gharama yake ni sikio kukaa wazi mikrosekunde 320 zaidi kila baada ya sekunde 4, kwa miliampea 5.4 za kupokea, chini ya nusu mikroampea kwa wastani. Hilo halina uzito.

Karatasi ya kristali ilisema 20 ppm, na haikudanganya. Ilisema hivyo kwa 25 °C, na mstari wa baridi uko chini yake kwa maandishi madogo.

Jambo la pembeni tulilolikuta hapo hapo: kwenye vihisi viwili, muda wa kukata ulikuwa umewekwa sekunde 6. Kanuni inataka uzidi mara mbili ya muda mrefu wa kulala, yaani zaidi ya sekunde 8 kwa mipangilio yetu. Ombi lilikuwa linakataliwa na kihisi kubaki na miadi ya haraka ya mwanzo, jambo lililoficha kosa la saa kwa vihisi hivyo viwili na kuvimalizia betri. Sasa ni sekunde 20.

Usiku wa siku ya 9, 0x08 za friza zote tano: 3.

Siku ya 11: bodi zinatoka nje ya friza

Tatu kwa usiku zilitosha kuendelea, lakini kuacha betri ya kidonge kwenye −18 °C ni kutafuta kazi ya kila mwezi. Tuliamua bodi zikae nje, zimebandikwa ubavuni mwa friza, na ncha ya kupimia peke yake iingie ndani kwa waya mwembamba wa bapa unaopita chini ya mpira.

Ncha ya DS18B20 ya bei rahisi iliyojaa madukani hatukuichukua. Inataka volti 3.0 kwenda juu, na betri yetu iko chini ya hapo sehemu kubwa ya maisha yake. Tena usahihi wake wa nusu digrii ni kati ya −10 na 85 °C tu. Tukatumia NTC, rezista ambayo ukinzani wake hupanda baridi ikizidi, ya kilo-ohm 10, B 3950. Kwenye −18 °C inasoma karibu kilo-ohm 93, kwa hiyo rezista ya kugawana nayo ni kilo-ohm 47, si 10 kama michoro mingi inavyoonyesha. Ukiweka 10, digrii nzima ya baridi inabanwa kwenye hatua chache za kipimo. Kila ncha ilisawazishwa kwenye bilauri ya barafu iliyopondwa na maji kidogo, ikikorogwa dakika 5, hapo ni 0 °C.

Betri sasa ni AA mbili za lithiamu, zilizokuja kwa basi kutoka Mombasa hadi Mokowe, kisha boti. Zikiwa mpya kabisa, kila moja inaweza kusoma volti 1.8 bila mzigo, na mbili ni 3.6, pale pale kwenye ukomo wa chipu. Ziwekwe kwenye mzigo mdogo dakika chache kabla ya kufungwa.

Nguvu ya mawimbi ilipanda kutoka −87 hadi −63 dBm. Friza hazijaandika msimbo wowote tangu juzi.

Siku ya 16: chumvi

Kihisi 7 cha gatini kilikuwa kimya alfajiri tatu mfululizo. Betri nzima, volti 3.1. Ukiitoa na kuirudisha, kinafanya kazi mpaka usiku wa manane. Hata mlinzi wa programu, aliyewekwa kuiwasha chipu upya baada ya sekunde 60, hakufanya lolote.

Rekodi ya sekunde ilionyesha mchana saa yake iko sawa. Jua likizama ilianza kuchelewa, 40 ppm, 90, 140, kisha ikakatika. Kwenye boksi palikuwa na ukungu mwembamba ndani ya kifuniko, na chini ya lenzi ya kukuzia, kati ya miguu miwili ya kristali, utando mweupe kama wa sufuria iliyochemshiwa maji ya kisima.

Kristali ya saa inaendeshwa kwa umeme mdogo mno. Chumvi kavu haina shida nayo. Chumvi inayovuta unyevu wa usiku inakuwa daraja: kwanza inaongeza mzigo na saa inachelewa, kisha inavujisha umeme mpaka mtetemo unakufa. Mlinzi wa programu ndani ya nRF52 anahesabu kwa saa hiyohiyo. Saa ikisimama, mlinzi naye amelala.

Usafi una mpangilio, na ukiugeuza unapoteza muda. Spiriti ya isopropili haiyeyushi chumvi, inaisambaza tu. Kwanza maji yaliyotoneshwa, yale ya betri za gari yasiyo na asidi, na mswaki laini, mara mbili. Kisha isopropili ya 99% kufukuza maji. Kisha kukausha saa mbili kwenye 60 °C, betri ikiwa imetolewa. Kisha vanishi ya akriliki ya bodi, mipako miwili myembamba, huku miguu ya betri na tundu la ncha vikiwa vimefunikwa kwa utepe. Kwenye antena mpako mmoja tu, maana vanishi nene inaihamisha masafa.

Boksi lilizibwa kwa silikoni isiyo na asidi. Ile inayonuka siki ikikauka inakula shaba, na boksi lililozibwa nayo vizuri linaifungia mvuke humo ndani.

Kwa kihisi hiki kimoja tuliacha kristali kabisa tukatumia saa ya ndani ya chipu, inayojisawazisha yenyewe, ikitajwa 500 ppm. Sikio linakaa wazi zaidi, karibu mikroampea 2.6 kwa wastani. Kwenye kidonge cha 220 mAh hiyo ni sehemu ya kumi ya betri kwa mwaka. Kwenye AA za lithiamu haionekani.

Siku ya 20: kelele ya USB

Fupi. Kihisi 6 kilikuwa kikirudi polepole, dakika 2 hadi 4, kila Pi inapotuma data. Kidude cha nRF52840 kilikuwa kwenye tundu la USB 3, ambalo linamwaga kelele kwenye 2.4 GHz, jirani na antena ya Wi-Fi ya Pi yenyewe. Tulikihamishia tundu la USB 2 kwa kebo ya mita 1 na Wi-Fi ikawekwa chaneli 11. Matangazo ya Bluetooth yako 2402, 2426 na 2480 MHz. Chaneli 11 ya Wi-Fi iko katikati ya 2462, inayaachia yote matatu nafasi. Kihisi 6 sasa kinarudi ndani ya sekunde 4.

Siku ya 24: bamvua

Kihisi 7 hakizimiki tena, lakini kinakatika mchana kwa 0x08, dakika 30 hadi 50, kisha kinarudi chenyewe. Juzi saa tisa na nusu, jana saa kumi na dakika ishirini, leo saa kumi na moja na dakika kumi. Kitu kinachosogea dakika 50 kila siku hapa Lamu kinajulikana na kila mtoto wa pwani. Maji yalikuwa ya bamvua, yale yanayojaa kuliko kawaida.

Sanduku la gatini liko mita 40 kutoka dirisha la stoo. Maji yakijaa kabisa, kihisi kiko mita 1 juu yake na antena ya kipokezi mita 5. Mawimbi yanafika kwa njia mbili: moja kwa moja, na kwa kudunda juu ya maji. Tofauti ya urefu wa njia ni 2 × 5 × 1 ÷ 40, yaani mita 0.25. Urefu wa wimbi ni sentimita 12.2, kwa hiyo tofauti ni karibu wimbi mara mbili kamili. Wimbi linalodunda juu ya maji hugeuka, na yakikutana hivyo yanafutana. Kuruka chaneli hakusaidii, kwani kutoka 2402 hadi 2480 MHz urefu wa wimbi unabadilika milimita 4 tu.

Maji yakiwa katikati ya kupanda au kushuka, shimo kama hilo linapita kwa dakika chache. Yakijaa yanasimama, na shimo linasimama nayo. Maji mafu, yale ya siku za kujaa kidogo, hayafiki kimo hicho, ndiyo maana wiki iliyopita kihisi 7 kilikuwa safi na tukadhani chumvi ndiyo ilikuwa neno la mwisho.

Antena ya pili imepandishwa mita 1.2 juu ya ile ya kwanza, kwenye kidude kingine cha nRF52840. Kimo hicho kinabadilisha tofauti ya njia kwa sentimita 6, nusu wimbi: pale ambapo moja inafutwa, nyingine inapata nguvu zaidi. Kihisi kina nafasi mbili za kuoanishwa, na kipokezi kinachokisikia ndicho kinachokichukua.

Kilichobaki

Bamvua ijayo iko karibu wiki mbili mbele. Mpaka hapo kihisi 7 kitahifadhi vipimo vyake: baiti 8 kila dakika 5 ni baiti 2304 kwa siku, na kumbukumbu ya kilobaiti 64 inabeba siku 28. Vihisi 1 na 4 vinahitaji vanishi, vilifungwa kabla hatujaijua chumvi. Mpira wa friza 3 umeinuka kidogo pale waya unapopita na barafu imeanza kujijenga ukingoni. Waya utahamishiwa upande wa bawaba.